Mabakuli Matupu ya Kamanda

Wapishi wa shule wako wa namna mbili: wanaopenda watoto, na wanaopenda mabakuli yarudi matupu. Yule mama wa jikoni pale shule ya chekechea alijihesabu katika kundi la kwanza, na ungemwambia yumo katika la pili angekutazama kama mtu aliyepotea njia akaingia jikoni kwake kwa bahati mbaya.

Walimu walimwita Kamanda. Jina lilianza kwa minong'ono, likazagaa, mwishowe likamfikia mwenyewe, naye akalipokea kwa mikono miwili akidhani ni heshima. Alikuwa mnene wa mikono na mwembamba wa subira. Kabla ya hapo alipikia hospitali, wodi ya wazee wasio na meno, na huko ndiko alikojifunza kwamba mboga iliyoiva ni ile isiyohitaji kutafunwa. Elimu hiyo alihamia nayo shuleni nzima nzima. Akifika asubuhi, kabla hata ya kujifunga aproni, alibandika mboga za majani. Wali na maharage vilifuata baadaye, kwa starehe. Kengele ya chakula ilipolia, mboga zilikuwa zimekaa motoni hadi zimesahau kwamba ziliwahi kuwa na rangi.

Alikuwa na utaratibu wake ambao huukuti mahali pengine. Uliitwa kofia. Mtoto akimaliza kula husimama, analipindua bakuli na kulivaa kichwani. Kisipodondoka kitu, ana kofia, na mwenye kofia anakwenda kwenye bembea. Kikidondoka kitu, basi kimemdondokea yeye, na bembea atazitazama kwa mbali. Wageni walipoitembelea shule, mwalimu mkuu aliwaleta mlangoni waone chumba kizima cha watoto waliovaa mabakuli. Wageni walipiga makofi. Kamanda alisimama pembeni na mwiko wake, ameinamisha macho kwa unyenyekevu ambao haukumdanganya mtu yeyote.

Sasa, alikuwa na mjukuu. Mtoto wa mwanawe wa kiume, na huyo mwana alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akirudi nyumbani anapokelewa kama mgeni rasmi. Kwa hiyo mtoto alilelewa na mama yake, fundi cherehani, katika vyumba viwili mtaa wa pili kutoka kwa Kamanda. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Mdomo huo ulifanya kazi zote isipokuwa ile moja ambayo midomo iliumbiwa kwanza. Mama yake alimfukuza na kijiko kutoka chumbani hadi uani. Alimwimbia, akamwahidi, akamtisha, akamwekea katuni kwenye simu. Chiriku alifungua kinywa, akaliweka tonge shavuni, akaendelea kuongea kutoka shavu la pili. Wakati wa kumlaza, tonge lilikuwa bado pale pale.

Alipotimiza umri wa chekechea alipelekwa kwa bibi yake. Wiki haijaisha, Kamanda akachungulia ukumbini wakati wa kofia na kuona kichwa cha mjukuu wake kiko chini ya bakuli, kikavu, hakuna hata punje ya wali iliyodondoka. Furaha aliyoipata siku hiyo hakuwahi kuipata hata alipomzaa baba wa mtoto. Hakuvumilia hadi jioni. Alipitia kwa mkwewe akiwa bado anawaka, akaingia bila kubisha hodi, na mbele ya wateja wawili waliokuja kupimwa nguo akatangaza:

"Kwangu anakula."

Mkwewe alisimamisha cherehani. "Hata mboga, Mama?"

"Mboga ndizo anazoanza nazo."

"Na maharage?"

"Mwanangu, mtoto anapindua bakuli, halidondoki hata tone! Wewe unambembeleza mno. Mtoto anataka mtu mwenye msimamo."

Wateja wakatikisa vichwa kukubali. Mkwe akasema, "Ahsante, Mama," kwa heshima zake zote, akaurudia ushonaji, na siku hiyo akashona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto.

Kamanda hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe hatari. Mtu mwenye nia mbaya huona haya akashika ulimi. Yeye alilirudia neno lile dukani, msibani, kwenye foleni ya maji. Kwangu anakula. Akikutana na mkwewe njiani alilitoa kama salamu. Miezi ikapita hivyo. Mkwe akawa anaitikia vizuri tu, na aliacha kuuliza maswali.

Kisha ikaja siku ya kumpeleka mtoto kliniki. Kamanda aliomba ruhusa kazini ili aende nao, maana alitaka kuwepo mzani utakaposema. Mzani ulisema. Nesi alimshusha Chiriku, akampandisha tena, akaugonga mzani kidogo kwa kidole, akampandisha mara nyingine. Akalivuta chini kope la mtoto na kulitazama lilivyopauka. Kisha akawauliza anakula nini.

"Kila kitu," akasema Kamanda.

"Kwa bibi yake," akaongeza mkwe, huku anatazama sakafu.

Nesi akasema kama mtoto anakula kila kitu na bado hakui, damu nayo inapungua, basi itafutwe sababu. Na sababu hazikuwa nzuri kuzitaja mbele ya mama. Chiriku alitolewa damu. Alilia kwa sauti iliyofika hadi nje kwenye foleni, kisha akamweleza kila mtu kwenye benchi, bila kuulizwa, namna sindano ilivyoingia. Wanawake wale wawili walikaa wakisubiri majibu bila kutazamana. Kila mmoja alikuwa ameshamwona mtoto kitandani, amefunikwa shuka nyeupe. Kamanda, ambaye hospitali alikuwa ameziona shuka nyingi, aliogopa zaidi.

Majibu yalitoka. Nesi akayasoma, akamwita mama ndani, na bibi akaingia vilevile.

"Hana malaria, hana minyoo, hana chochote," akasema nesi. "Mtoto huyu haumwi. Mtoto huyu hali."

"Hali?" Kamanda akasimama. "Hali wapi? Mimi ndiye ninayempikia!"

"Mimi sijui anapikiwa na nani, mama. Nasema hali."

Njia nzima ya kurudi Kamanda alimtukana nesi yule, usomi wake, mzani wake na mtu aliyeutengeneza mzani. Chiriku aliwasimulia wote wawili habari za sindano upya, kuanzia mwanzo.

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Kesho yake, kengele ya chakula ilipolia, Kamanda aligawa kama kawaida yake, kisha badala ya kurudi jikoni kukwangua masufuria hadi saa ya kofia, alizunguka nyuma ya ukumbi na kujificha kando ya tangi la maji. Kwa mwili aliokuwa nao, tangi ndilo lililokuwa limejificha. Pale nyuma palikuwa na dirisha la ukumbi, na chini ya dirisha walikuwa kuku wa mlinzi. Siku zote Kamanda alikuwa akiwaona kuku wale wamekusanyika hapo saa za chakula, akafikiri wanapenda kusikia watoto wakiimba. Walikuwa kuku wanene ajabu. Mlinzi mwenyewe alikuwa akisema ni mbegu nzuri.

Mkono mdogo ukatoka dirishani. Ukafunguka, mboga zikaanguka pwata. Kuku hawakugombana, walikwenda kwa zamu, kama watu waliozoea kuhudumiwa. Mkono wa pili ukatoka, na wa tatu. Na kutoka ndani Kamanda akasikia sauti aliyoijua kuliko zote, inatoa maelekezo.

"Wewe maharage yako mpe Tumbo. Wewe leta mboga hapa. Usimwage ukutani, Bibi ataona! Haya, haraka, anakaribia kuja."

Ili tusimsingizie mtoto, lazima isemwe kwamba Chiriku hakuanzisha jambo hilo. Alilikuta. Ila kabla yake kila mtoto alijitafutia njia yake, wengine mifukoni, wengine chini ya benchi, na mara nyingi walishikwa. Yeye alileta mpango. Maharage yote yalikwenda kwa mvulana mmoja aliyeitwa Tumbo, ambaye aliyapenda kwa moyo wake wote. Mboga zilikwenda kwa kuku. Kila mmoja alibaki na vijiko vyake viwili vitatu vya wali mweupe, na bakuli safi kabisa.

Kamanda aliingia ukumbini. Mara hiyo hiyo watoto wote wakavaa mabakuli. Alisimama akivitazama vichwa vile, vimenyamaza, vimenyooka, vimejaa nidhamu. Walimu, ambao saa za chakula hukaa ofisini kwao, walikuwa wamemfuata hadi mlangoni, wakajiandaa kuziba masikio. Yeye alikwenda kwenye sufuria, akachukua bakuli, akajipakulia wali, maharage na mboga, mboga nyingi kuliko alivyowahi kumpa mtoto, akaenda kukaa kwenye kibenchi chao. Magoti yakampanda hadi kifuani.

"Bibi, unafanya nini?" akauliza Chiriku kutoka chini ya kofia.

"Nakula."

"Kwani wewe huwa unakula?"

Swali halikuwa la utovu wa adabu. Mtoto aliuliza alichokuwa hakijui. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona Kamanda anakula. Alionja chumvi, tone moja kiganjani, analamba, basi. Mchana, watu wote wakishakula, alikunywa chai na mkate kwa kusimama, akisema harufu ya chakula imeshamshibisha. Miaka yote aliyopika mboga zile hakuwahi kuzila.

Akala. Alijaribu kutafuna, akakuta hakuna cha kutafuna. Kitu kilimteleza ulimini, kikakaa kooni kikifikiria kama kiende mbele au kirudi. Chumvi ilikuwa sawasawa. Alikula kijiko cha pili ili ajitendee haki. Cha tatu kilikataa. Akainua macho, na pale dirishani akamwona jogoo mmoja amesimama kwenye kizingiti anamtazama kwa matumaini. Kwa mara ya kwanza maishani Kamanda alielewa kishawishi. Akameza.

"Mbaya," akasema.

Tumbo, ambaye alikuwa na roho nzuri, akasema, "Maharage ni matamu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Watoto wakamtazama Chiriku, maana ndiye msemaji wao. Chiriku akavua bakuli lake. "Tulikuwa hatutaki ukasirike," akasema. "Ukiona kofia unafurahi."

Iliuma. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Kama wangesema wanamchukia angejua la kufanya, angewafokea. Lakini watoto wa watu walikuwa wamekaa na njaa ili mpishi afurahi, na mmoja wao alikuwa damu yake, na damu yenyewe ilikuwa inapungua.

Jioni hiyo alikwenda kwa mkwewe. Safari hii alibisha hodi. Mkwe alikuwa anakata vitambaa. Akamwondolea vipande kwenye kiti, akamkaribisha, akakaa kusubiri kuambiwa jinsi mtoto alivyokula.

"Kwangu hali," akasema Kamanda.

Mkwe akaweka mkasi chini.

"Hajawahi kula. Anawapa kuku. Nimekuambia uongo mbele ya wateja wako, nimekuambia uongo njiani na msibani. Sikujua kuwa ni uongo, lakini niliupenda mno hata sikutaka kuutazama vizuri. Nisamehe, mwanangu."

Alitarajia hasira. Alikuwa tayari nayo, hata alikuwa ameshaiandalia mabega. Mkwe hakukasirika. Alifunika uso kwa viganja, na alipovitoa alikuwa analia.

"Mama, mimi niliacha kumpikia."

"Ulifanyaje?"

"Uliponiambia anakula kwako, nikasema basi, nisihangaike. Jioni nilikuwa nampa chai na mkate, namlaza. Nilijua ameshashiba kwa bibi yake. Na nilichoka, Mama. Kila siku kukataliwa na mtoto wangu mwenyewe. Niliona nafuu."

Sasa picha ikawa kamili, na hakuna kati yao aliyependa kuitazama. Majiko mawili, wanawake wawili wanaompenda mtoto mmoja kufa, na katikati yao mtoto anaishi kwa wali mtupu na chai. Kamanda alimvuta mkwewe kifuani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi, na hata siku ile alilifanya kwa sababu ya mpiga picha. Wakalia pamoja. Chiriku aliingia, akawakuta, akauliza nani ametolewa damu.

Walipotulia, Kamanda, kwa mazoea, akaanza kupanga. Mtoto akae hapa, bakuli liwe la ukubwa huu, asiinuke mpaka... Mkwe akamkatiza, jambo jipya kabisa katika ukoo ule.

"Hapana, Mama. Safari hii tusimwamrishe mtu. Tutapika, tutakaa wote watatu, tutakula kitu kimoja. Nusu kijiko cha kila kitu kwenye sahani yake, basi. Hakuna wa kusema kula."

"Na asipokula?"

"Hajala. Atasubiri chakula kinachofuata. Chai na mkate katikati hakuna tena."

"Mungu wangu," akasema Kamanda, kwa dhati.

Shuleni kofia zilifutwa. Mboga sasa zilikatwa nyembamba na kuingia motoni mwisho kabisa, na kitunguu na karoti, zikitoka bado zina rangi yake na kelele kidogo mdomoni. Kamanda alijipakulia na kukaa kwenye kibenchi, leo na watoto hawa, kesho na wale, magoti kifuani. Watoto walijipakulia wenyewe kwa kijiko kidogo. Siku za mwanzo mabakuli yalirudi yamejaa, na kila moja aliliona kama kofi. Mwalimu mkuu alimjia na wasiwasi kwamba wageni wanakuja, watasema nini?

"Waone chakula kwenye mabakuli," akasema Kamanda. "Ndiko chakula kinakokaa."

Mlinzi naye alikuja kulalamika. Kuku wake wamekonda, mayai yamekatika, na alitaka kujua shule imebadilisha nini.

Lakini kazi ngumu ilikuwa kule nyumbani, mezani kwa mkwewe. Jioni ya kwanza Chiriku aliongea chakula chote kikapoa, hakugusa kitu, akaomba chai, akaambiwa hakuna, akalala amenuna. Mama yake alikesha akisikiliza anavyopumua. Kamanda, aliyewahi kunyanyua sufuria la shule nzima peke yake, hakuwa amewahi kunyanyua kitu kizito kama neno kula lililompanda kooni jioni ile. Alikalia mikono. Jioni iliyofuata neno lilifika hadi kwenye meno, mkwe akamkanyaga chini ya meza. Siku nyingine mtoto akala wali peke yake. Siku nyingine hakula. Kisha jioni moja, huku anasimulia habari ndefu ya mwalimu na chaki, alinyoosha mkono akachukua kipande cha karoti kwenye sahani ya mama yake, akakitafuna kwa sauti, akachukua cha pili. Wanawake wale walikodolea macho ukuta kama watu wanaotazama mpira.

Haikuwa ushindi. Kesho yake alikataa karoti na kusema hajawahi kuzipenda. Kliniki nesi aliutazama mzani, akasema umepanda kidogo, waendelee. Kamanda alimwamkia vizuri, na hakuutaja mzani wala aliyeutengeneza.

Jumamosi moja mchana Kamanda alikuwa anapika kule kwa mkwewe, mkwe yuko kwenye cherehani anamalizia sare. Chiriku alikuwa uani akicheza na kuongea na watu asiowaona mtu mwingine. Kisha maongezi yakakatika. Kimya kilikuwa kigeni hata cherehani ikasimama. Mtoto akaja mlangoni mwa jiko, ameshika tumbo kwa mikono miwili, amekunja uso kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

"Bibi," akasema, "nasikia njaa. Kitaiva saa ngapi?"

Kamanda alikuwa amelisha watoto wa watu tangu ujana wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia hivyo. Siku zote aliwahi kufika na bakuli kabla hawajapata nafasi ya kulisema. Alitaka kuacha mwiko ambebe, azunguke naye mtaa mzima apige vigelegele. Lakini mtoto alikuwa ameuliza swali, anasubiri jibu.

"Bado kidogo," akasema, na kuanza kubabaika kama mpishi wa siku ya kwanza. Akapunguza moto. Akauongeza. Akafunua sufuria, akachota mboga kijiko kizima, si tone la kiganjani, akatafuna taratibu hadi mwisho, kisha akachota nyingine ili ahakikishe.